Front 242, 1981–2025: Historia ya Karakana ya Sauti

Vikundi vingi vya muziki huanzishwa na vijana wenye gitaa na mwimbaji mwenye sura ya kuvutia. Front 242 kilianzishwa na watu wawili waliotaka kutengeneza sauti na michoro kwa vifaa vya kielektroniki. Swali la nani ataimba lilisubiri. Kuanzia Aarschot, mji mdogo wa Ubelgiji ulio karibu na Leuven, hadi kilipofunga kazi jijini Brussels mwaka 2025, kikundi hiki kiliendeshwa kama karakana kuliko kama bendi. Kila mtu alikuwa na kazi yake, hakuna jina la mtu lililotangulizwa mbele ya jina la kikundi, na fundi mitambo alihesabiwa mwanachama kamili, sawa na mwimbaji.

Mgawanyo huo wa kazi ndio uti wa mgongo wa historia hii. Uliwafikisha Wabelgiji hawa Chicago na kwingineko duniani bila redio kubwa wala tajiri wa kuwabeba. Ulipolegea, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi nacho kililegea.

Kabla ya 1981: hitaji

Ubelgiji ya mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya viwanda vilivyochoka. Wallonia, eneo lililotajirika kwa makaa ya mawe na chuma tangu karne ya 19, lilikuwa likifunga migodi yake mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho, Roton wa Farciennes, ulifungwa mwaka 1984. Februari 1982 thamani ya faranga ya Ubelgiji ilishushwa kwa asilimia 8.5. Brussels ilikuwa makao makuu ya NATO tangu 1967, na mpango wa kuweka makombora ya nyuklia ya Marekani barani Ulaya ulikuwa ukijaza waandamanaji barabarani. Kijana aliyewasha televisheni jioni alikutana na wanajeshi, wahubiri, matangazo ya biashara na milipuko, vyote katika nusu saa moja.

Wakati huohuo sintesaiza, ambazo kabla ya hapo zilikuwa mali ya vyuo vikuu na matajiri, zilianza kushuka bei. Kraftwerk wa Düsseldorf walikwishaonyesha kwamba wanaume wanne waliosimama nyuma ya mashine wanaweza kujaza ukumbi. DAF, Wajerumani pia, walikuwa wakiupunguza muziki hadi ukabaki mdundo, besi na sauti ya mtu anayetoa amri. Nyumbani Ubelgiji walikuwepo Telex, waliouchukulia muziki wa mashine kwa mzaha: mwaka 1980 waliiwakilisha nchi yao katika mashindano ya Eurovision kwa wimbo wa kuyakejeli mashindano yenyewe, wakashika nafasi ya 17 kati ya 19.

Brussels yenyewe haikuwa ngeni kwa sauti za mitambo. Kwenye maonyesho ya dunia ya 1958 kampuni ya Philips ilijenga banda lililobuniwa na ofisi ya Le Corbusier, na ndani yake mamia ya vipaza sauti yalipiga kazi ya Edgard Varèse iliyotungwa kwa kanda za sumaku. Msomaji wa Kongo ana sababu nyingine ya kuyakumbuka maonyesho hayo: ndiyo yaliyowaweka Wakongo ndani ya uzio wa kijiji cha kuigiza ili wageni wawatazame. Atomium, mnara wa matufe tisa uliojengwa kwa ajili ya sherehe hiyo, bado umesimama, na tutakutana nao tena mwaka 1988.

Kilichokosekana, basi, ni muziki wa vijana wa Ubelgiji waliokulia katikati ya viwanda, televisheni na vita baridi, ambao ungeonekana na kusikika kama maisha hayo. Rock ya Kiingereza haikuwa imefanya kazi hiyo.

1981–1983: msingi

Waasisi ni Daniel Bressanutti, anayejulikana zaidi kama Daniel B., na Dirk Bergen. Singo yao ya kwanza, "Principles", ilitoka mwaka 1981. Jina la kikundi lilichaguliwa kwa jicho la mchoraji. "Front" linaeleweka katika lugha nyingi za Ulaya na lina harufu ya umma uliojipanga kwa mapambano. Nambari 242 inasomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma, na inakaa vizuri kwenye jalada. Wapo wanaolihusisha na azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Novemba 1967, kuhusu vita vya Israel na majirani zake Waarabu. Ubishi huo ulilitangaza jina kuliko ambavyo ufafanuzi wowote ungeweza.

Karibu wakati huohuo wanaume wengine wawili, Patrick Codenys na Jean-Luc De Meyer, walikuwa na kikundi chao kilichoitwa Under Viewer. Mwaka 1982 jozi hizo mbili ziliungana, na mwaka huohuo ikatoka albamu ya kwanza, *Geography*. Ni kazi ya watu wanaojifunza mashine zao. Nyimbo ni fupi, sauti ni kavu, na mara nyingine mtu anahisi yumo chumbani pamoja nao wakijaribu kitufe kimoja baada ya kingine. Waliomo walipokezana kuimba hadi ilipobainika kwamba koo la De Meyer ndilo lililofaa kwa kazi hiyo.

Yalifanyika pia maamuzi mawili ambayo hayakubadilika kwa miaka mingi. La kwanza: hakuna gitaa la kuongoza wala seti ya kawaida ya ngoma. La pili: Daniel B. hatapanda jukwaani. Angekaa katikati ya ukumbi, kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na kuuendesha muziki akiwa huko. Bergen aliondoka jukwaani, na mwaka 1983 akaingia Richard Jonckheere, maarufu kwa jina la Richard 23. Safu ya watu wanne ikakamilika.

Mwaka huohuo wa 1983, lebo ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa *Noir et Blanc*, albamu ya Hector Zazou na mwimbaji Mkongo Bony Bikaye, aliyesindikizwa na sintesaiza. Albamu hiyo na Front 242 vinakutana kwa mji na kwa wakati tu, lakini ni vyema ijulikane kwamba sauti ya Kongo ilikuwamo Brussels, juu ya mashine zilezile, tangu mwanzo wa muongo huo.

Nafasi nne

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana nafasi hizi nne zilidumu kuliko lebo yoyote iliyowahi kutoa kazi za kikundi hiki.

Mwimbaji na mtunzi wa maneno alikuwa De Meyer. Sauti yake ni nzito na ya chini, na huimba kwa sentensi fupi, mtindo wa mtu anayesoma taarifa ya dharura. Anayetafuta mapenzi na machozi katika maneno yake atachoka. Humo mna wawindaji, wahubiri, marubani, umati wa watu na mtu mmoja aliye ndani ya umati huo.

Codenys alishika vinanda na sampla, yaani mashine ya kupiga upya sauti zilizorekodiwa, na alikuwa miongoni mwa waliofikiria zaidi kuhusu sura ya kikundi. Majalada yalibuniwa ndani ya nyumba, chini ya jina la Art & Strategy, na ukiyatandaza mezani pamoja na mabango na mavazi ya jukwaani utaona ni kazi ya mkono mmoja. Kwa miaka ya mwanzo nyuso za wanachama zilionekana kwa nadra, na zikionekana zilikuwa nyuma ya miwani myeusi.

Daniel B. alikuwa fundi wa studio na wa ukumbini. Katika bendi nyingi fundi mitambo huajiriwa, hulipwa kwa usiku na jina lake halijulikani. Front 242 kilimweka mwasisi wake mwenyewe kwenye nafasi hiyo, kwa hoja rahisi: muziki unaotengenezwa na mashine hukamilika pale unapotoka kwenye spika, kwa hiyo anayeshika spika ndiye anayeumalizia. Watazamaji wengi waliondoka ukumbini bila kujua kwamba mwanachama wa nne alikuwa amesimama nyuma yao.

Nafasi ya Richard 23 ndiyo ngumu kuieleza kwa karatasi. Alipiga ngoma za kielektroniki akiwa amesimama, aliimba sauti ya pili, aliruka, alipiga kelele na kuwachokoza watu wacheze. Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam au Kinshasa atamwelewa mara moja: alikuwa rapa wa bendi. Bila yeye, De Meyer na mashine wangeweza kuonekana kama mkutano wa wahandisi.

1984–1986: jina la mtindo, na bahari ya Atlantiki

Mwaka 1984 ilitoka *No Comment*, na kwenye jalada lake kikundi kiliuita muziki wake Electronic Body Music, jina lililofupishwa baadaye kuwa EBM. Maneno hayo yalikwishatumika miaka michache kabla, na Ralf Hütter wa Kraftwerk ni mmoja wa waliowahi kuyatamka, lakini ni Front 242 walioyapigia mhuri. Wakosoaji hupenda kubishana mpaka kati ya EBM na elektro-indastria uko wapi. Kwa ufupi, EBM huanzia kwenye misuli ya mchezaji, na elektro-indastria hurundika juu yake sauti za nje, kelele na giza. Front 242 walivuka mpaka huo kila albamu.

Soko la kwanza kubwa nje ya Ulaya lilifunguliwa na duka la santuri. Wax Trax! ya Chicago, iliyoendeshwa na Jim Nash na Dannie Flesher, ilikuwa duka lililogeuka lebo, na ndiyo iliyowapa Wabelgiji hawa nyumba nchini Marekani. Mwaka 1984 walizuru nchi hiyo pamoja na Ministry, kikundi cha Al Jourgensen. Urafiki huo ulizaa mradi wa pembeni, Revolting Cocks, ulioanzishwa na Jourgensen, Richard 23 na Mbelgiji mwingine, Luc Van Acker. Richard 23 alitoka mapema katika mradi huo, akarejea kwenye kazi yake ya kudumu.

Ndicho kipindi pia ambacho kikundi kilishutumiwa kwa mara ya kwanza. Wanaume waliovaa sare za mabaka na fulana za kuzuia risasi, wakiimba kwa mtindo wa amri juu ya mdundo wa gwaride, katika bara lililomkumbuka Hitler vizuri: maswali hayakukosekana. Wapo waliowaita mafashisti. Wao walikana, wakasema wanaonyesha kile kinachoonekana kwenye televisheni na hawamhubirii mtu. Mkosoaji alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini aliyesikiliza nyimbo zenyewe, kwa mfano "Funkahdafi", ambamo jina la Muammar Gaddafi limechanganywa na mdundo wa dansi, angeona kwamba mamlaka yanachezewa humo kuliko yanavyoabudiwa.

Wala sare hizo hazikutoka hewani. Kati ya 1982 na 1985 genge lililokuja kuitwa wauaji wa Brabant liliua watu 28 nchini Ubelgiji, wengi wao katika mashambulizi ya maduka makubwa. La mwisho lilikuwa la Aalst, Novemba 1985. Miaka ya 1984 na 1985 kundi jingine, la mrengo wa kushoto, lilitega mabomu kwenye ofisi za makampuni na mali za NATO. Mbelgiji wa miaka hiyo aliweza kukutana na askari mwenye bunduki akienda kununua mkate.

1987–1989: kilele

*Official Version*, ya mwaka 1987, ndiyo albamu ambayo sampla ilikaa katikati ya chumba. Sauti iliyorekodiwa popote, iwe ya mlango, ya mtangazaji au ya chuma juu ya chuma, iliweza sasa kupigwa kwenye kinanda kama noti. Kikundi hakikuitumia kwa pupa. Sikiliza "Masterhit": kuna nafasi nyingi tupu kati ya pigo na pigo, na utupu huo ndio unaomvuta mchezaji. Mwaka huo pia waliwafungulia Depeche Mode jukwaa katika baadhi ya maonyesho ya ziara yao ya Ulaya, mbele ya umati ambao vilabu vya kawaida visingeweza kuubeba.

Kisha ikaja *Front by Front*, mwaka 1988, na ndani yake kibao kilichowabeba hadi mwisho, "Headhunter". Wimbo huo unamhusu mwindaji wa watu, na kiitikio chake huhesabu hatua za kumnasa windo, moja hadi nne. Ni hesabu ya kitoto, na ndiyo maana ukumbi mzima uliweza kuiimba hata mahali ambapo Kiingereza hakikueleweka. Video yake iliongozwa na Anton Corbijn, mpiga picha Mholanzi. Imejaa mayai. Inasimuliwa kwamba Corbijn alilisikia vibaya neno la kichwa cha wimbo, akadhani mwindaji anawinda mayai, na kikundi kikaona kosa hilo ni zuri kuliko wazo la awali. Iwe kweli au chumvi, humo wanaonekana wanaume wa miwani myeusi, mayai, na Atomium ya 1958 nyuma yao.

Albamu hiyohiyo ina "Welcome to Paradise", iliyojengwa juu ya sauti za wahubiri wa televisheni wa Marekani wakiahidi wokovu na utajiri kwa pamoja. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki wa leo, anayepita mabango ya mikutano ya miujiza kila siku, huenda huu ndio wimbo wa Front 242 usiozeeka.

Nchini kwao mafanikio haya yalikutana na wimbi jingine. Ma-DJ wa Ubelgiji waligundua kwamba santuri ya "Flesh", ya kikundi cha A Split-Second, iliyotengenezwa kuzungushwa mara 45 kwa dakika, inapendeza zaidi ikipigwa kwa mizunguko 33, huku kasi ikiongezwa kidogo tu. Hapo ukazaliwa mtindo wa new beat, uliotawala vilabu vya Ubelgiji kwa miaka michache na kuuza santuri nyingi. Front 242 hawakuufuata. Kibiashara lilikuwa kosa la muda mfupi. Kwa heshima ya kikundi, lilikuwa jambo la busara, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1990 new beat ilikuwa imekwisha.

1990–1993: kampuni kubwa

Kikundi kiliingia muongo mpya kwa mkataba na Epic, lebo ya Sony. *Tyranny ▸For You◂* ilitoka mwanzoni mwa 1991, siku ambazo televisheni zilikuwa zikirusha vita vya Ghuba moja kwa moja. Hakuna aliyepanga sadfa hiyo, lakini albamu yenye jina la udhalimu ilipata mandhari yake. Iliingia kwenye orodha ya Billboard 200 nchini Marekani, mahali ambapo muziki wa aina hii haukuwa na kawaida ya kufika. Sauti yake ni nene na iliyojaa. Wapenzi wa *Official Version* walilalamika kwamba ule utupu wa zamani umezibwa, na kwa maoni yetu hawakukosea.

Mwaka 1993 kikundi kilitoa albamu mbili ndani ya miezi michache: *06:21:03:11 Up Evil* na *05:22:09:12 Off*. Nambari hizo ni herufi zilizofichwa kwa nafasi zake katika alfabeti. Za albamu ya kwanza hutoa tusi la Kiingereza la herufi nne, na za ya pili hutoa neno "evil", yaani uovu. Hapo ndipo mgawanyo wa kazi ulipovurugika. Kwenye *Off* sauti ya De Meyer ilirudi nyuma. Mbele akaja mwimbaji wa kike aliyeandikwa kwa jina la 99 Kowalski, na ndugu Jean-Marc na Pierre Pauly wa kikundi cha Parade Ground wakashiriki kazi. Ni albamu ya kelele, yenye ujasiri, na ngumu kuipenda. Mtu akiisikiliza leo anasikia studio inayotaka kwenda mbali na watu wawili wa jukwaani ambao hawana nafasi ndani yake.

Mwaka huohuo "Religion" ilichanganywa upya na The Prodigy, vijana wa Essex waliokuwa wakipanda, ishara kwamba kizazi cha rave kiliwatambua wazee wake. Na katika kiangazi cha 1993 Front 242 walizunguka Marekani na tamasha la Lollapalooza, pamoja na Primus, Alice in Chains, Fishbone, Arrested Development, Tool na Rage Against the Machine. Fikiria muziki uliotengenezwa kwa ajili ya moshi na taa za gizani ukipigwa kwenye viwanja vya wazi, jua kali, mbele ya vijana waliokuja kusikiliza magitaa. Baada ya ziara hiyo kikundi kilinyamaza.

1994–2003: ukimya na marejeo

Ukimya haukuwa talaka. Ilitoka rekodi ya jukwaani, *Live Code*, mwaka 1994, na mkusanyo wa nyimbo zilizochanganywa upya, *Mut@ge Mix@ge*, mwaka 1995. Wanachama walijishughulisha kwingine. De Meyer aliimba na Cobalt 60 na C-Tec, na wenzake wakawa na miradi yao.

Walirudi jukwaani mwaka 1997, na namna walivyorudi ndiyo inayostahili kusifiwa. Wangeweza kupiga nyimbo za zamani kama zilivyorekodiwa na watu wangelipa. Badala yake walizivunja na kuzijenga upya kwa kasi na sauti za techno, mtindo ambao wao wenyewe walikuwa wamesaidia kuuzaa. Mpiga ngoma Tim Kroker aliongezwa kwenye safu ya jukwaani, na Richard 23 akapata uhuru wa kuzunguka. Matokeo yalirekodiwa kwenye *Re:Boot* ya 1998. Baadhi ya mashabiki wa muda mrefu walinung'unika kuguswa kwa "Headhunter" yao, kisha wakacheza.

*Pulse*, ya mwaka 2003, ilikuwa albamu mpya ya kwanza ya studio baada ya miaka kumi. Ni tulivu kuliko zilizotangulia, vipande vyake vinaingiliana na kurudi, na inataka msikilizaji aliyeketi. Haikuzaa kibao. Ndiyo iliyobaki kuwa albamu yao ya mwisho ya studio.

2004–2025: walinzi wa hazina

Miaka zaidi ya ishirini iliyofuata inaweza kusimuliwa kwa haraka, kwa kuwa kazi ilikuwa ileile: matamasha. Kikundi kilikuwa sasa kigogo wa mfumo mzima wa sherehe za muziki wa giza na wa kielektroniki Ulaya, kama Wave-Gotik-Treffen ya Leipzig. Nyimbo chache mpya zilisikika jukwaani, lakini albamu haikuja. Mtu anaweza kuona uvivu hapo. Sisi tunaona kikundi kilichojua kwamba nafasi yake ya studio na nafasi yake ya jukwaani hazikubaliani tena, kikachagua moja.

Daniel B. alikuwa na pa kupeleka kiu yake ya studio. Pamoja na Dirk Bergen, mwasisi mwenzake wa 1981, na Erwin Jadot, alifanya kazi kwa jina la Nothing But Noise, muziki wa polepole wa sintesaiza usio na mwimbaji. Albamu yao ya *Not Bleeding Red* ilitoka mwaka 2012. Waliokutana Aarschot wakiwa vijana walikuwa wamekaa tena kwenye meza moja.

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba ziara iliyopewa jina Black Out ndiyo ya mwisho. Maonyesho ya kufunga yalifanyika katika ukumbi wa Ancienne Belgique, katikati ya Brussels, usiku tatu mfululizo: tarehe 23, 24 na 25 Januari 2025. Wanaume wa miaka ya sitini na zaidi, safu ileile ya 1983 pamoja na Kroker. Hapakuwa na kifo, kesi wala deni lililowalazimisha. Walipanga tarehe na kuiheshimu, jambo ambalo katika biashara hii ni nadra kuliko kibao.

Mwaka kwa mwaka

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1981 | Daniel Bressanutti na Dirk Bergen waanzisha Front 242, Aarschot. Singo "Principles" |
| 1982 | Patrick Codenys na Jean-Luc De Meyer wajiunga; albamu *Geography* |
| 1983 | Richard 23 aingia |
| 1984 | *No Comment*. Ziara ya Marekani pamoja na Ministry |
| 1987 | *Official Version* |
| 1988 | *Front by Front*. "Headhunter" na video ya Anton Corbijn |
| 1991 | *Tyranny ▸For You◂*, chini ya Epic |
| 1993 | *06:21:03:11 Up Evil* na *05:22:09:12 Off*, Lollapalooza |
| 1994 | *Live Code* |
| 1995 | *Mut@ge Mix@ge* |
| 1997 | Kurudi jukwaani kwa nyimbo zilizojengwa upya |
| 1998 | *Re:Boot* |
| 2003 | *Pulse* |
| 2025 | Maonyesho ya mwisho, Ancienne Belgique, Brussels |

Kwa msikilizaji mpya

Anayetaka kuanza asianze na mwanzo. Aanze na *Front by Front*, kwa sauti ya juu, spika zenye besi, asisikilize kwenye simu. Baada ya hapo arudi *Official Version*, alinganishe nafasi tupu za albamu hizo mbili. *Geography* ifuate akishapenda, maana ni ya kuonyesha walikotoka, na *Re:Boot* imwonyeshe nyimbo hizohizo zilivyobadilika ukumbini mikononi mwa Daniel B. *Tyranny ▸For You◂* ni ya usiku na ya barabara ndefu. *Off* aiache iwe ya mwisho kabisa, na akiona haimwingii kichwani, ajue ana wenzake wengi.